Tupime joto linalofika sufuriani

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo 2034, mjadala wa gesi na mkaa umekwama kwenye kilo. Wanaotetea gesi wanasema kilo moja ya gesi ina joto kubwa kuliko kilo ya mkaa, na kwao hoja imeishia hapo. Wanaotetea mkaa wanajibu kwamba kilo ya gesi ni ghali mno, tena ukiipikia maharage mtungi unaisha kabla ya wakati. Pande zote mbili zinapima kitu ambacho hakiivishi chakula. Kinachoivisha ni joto linalofika ndani ya sufuria, na kiasi chake kinategemea hewa iliyoufikia moto, jiko, mfuniko na namna ya kupika zaidi kuliko jina la nishati. Serikali na wahisani wakiendelea kuhesabu mitungi iliyogawiwa bila kuhesabu joto hilo, tutafika 2034 na mitungi mingi mitupu uvunguni mwa vitanda.

Kosa linaanzia kwenye kemia yenyewe. Wengi wetu, hata tuliosoma somo hilo hadi kidato cha nne, tumebaki na picha kwamba joto limefungiwa ndani ya kuni au gesi, na moto unapovunja vifungo vya kemikali, yaani nguvu inayoshikanisha atomu, joto hilo hufunguliwa likatoka. Mambo ni kinyume chake. Kuvunja kifungo hula nishati. Nishati hutoka pale vifungo vipya vinapoundwa. Chukua methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kuvunja vifungo vinne vya kaboni na haidrojeni katika moli moja ya methani, yaani kama gramu 16, kunahitaji takribani kilojuli 1,652, na kuvunja vifungo vya moli mbili za oksijeni inayoiunguza kunahitaji 996. Kwa hiyo kilojuli 2,648 zinatumika kabla hatujapata chochote, na hiyo ndiyo sababu gesi haijiwashi yenyewe ikitoka bombani: inahitaji kiberiti kuanzisha safari, kisha joto la mmenyuko lenyewe linaendeleza. Kaboni inaposhikana na oksijeni zinatoka kilojuli 1,598, na haidrojeni inaposhikana na oksijeni zinatoka 1,852. Jumla ni 3,450. Ukitoa zile 2,648 zinabaki 802, na hizo ndizo zinazochemsha chai.

Angalia oksijeni ilivyo katikati ya hesabu hiyo. Kifungo kinachoshika atomu mbili za oksijeni kina nguvu ya kilojuli 498 kwa moli, wakati kila kifungo cha kaboni na oksijeni ndani ya kaboni dayoksaidi kina karibu 800. Faida kubwa ya moto inatokana na oksijeni kuacha kifungo dhaifu na kuingia kwenye kifungo imara. Nishati ya kupikia ni mmenyuko wa vitu viwili, na sokoni tunanunua kimoja tu. Cha pili hakiuzwi, hakina bei, basi hakuna anayekihesabu. Lakini kina kiasi chake: kilo moja ya gesi ya mtungi inahitaji kilo 3.6 za oksijeni, yaani kama mita 13 za ujazo za hewa. Kilo moja ya mkaa inahitaji karibu mita 8 za ujazo. Chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya mita 2.5, kina hewa ya mita 22.5 za ujazo tu.

Hewa isipotosha, mmenyuko hausimami, unabadilika. Kaboni ikiungua kikamilifu kuwa kaboni dayoksaidi inatoa kilojuli 393.5 kwa moli. Ikiishia njiani, ikawa kaboni monoksaidi, inatoa 110.5 tu. Karibu robo tatu ya joto la kaboni hiyo imeondoka na moshi usioonekana. Ndani ya jiko la mkaa hali hii ni ya kawaida, wala si ajali. Chini, karibu na mlango wa hewa, kaboni inaungua kuwa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda na kupita katikati ya makaa mekundu inakutana na kaboni nyingine na kugeuka kuwa kaboni monoksaidi, mmenyuko ambao unameza joto badala ya kulitoa. Juu kabisa, ikikuta hewa mpya na joto la kutosha, inaungua tena, na zile ndimi za buluu zinazocheza juu ya makaa ndizo kaboni monoksaidi inayomalizikia. Ukifunika makaa kwa majivu ili yadumu, ukiziba mlango wa hewa, au ukiweka sufuria pana iliyokaa moja kwa moja juu ya makaa, ndimi hizo zinazimika na gesi inatoka ikiwa haijaungua.

Hapo ndipo inapoanguka hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ile inayosema kwamba mkaa ulioshika vizuri, usiotoa moshi, ni salama ndani ya nyumba. Moshi unaoonekana ni vipande vya masizi na lami ambavyo havikuungua. Kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu, haina rangi wala harufu. Fanya hesabu. Kilo moja ya mkaa ina kaboni kama gramu 800. Tuseme sehemu moja tu kati ya kumi ya kaboni hiyo inatoka kama kaboni monoksaidi: hizo ni gramu 187 za gesi hiyo. Katika chumba kile cha mita 22.5 za ujazo kilichofungwa madirisha, ni zaidi ya miligramu 8,000 kwa kila mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi miligramu 4. Kipimo kama hicho kinaua mtu aliyelala, na kila msimu wa baridi, kuanzia Njombe hadi nyanda za juu za Kenya, tunasoma habari za watu walioingiza jiko chumbani ili wapate joto na hawakuamka. Cha kuzingatia ni kwamba kwa upande wa joto, hasara ya ile sehemu moja ya kumi ni asilimia 7 hivi tu. Jiko linaweza kuonekana linafanya kazi vizuri kabisa na bado likaua. Kwa hiyo ubanifu wa jiko na usalama wake ni vipimo viwili, na jiko banifu la mkaa bado linapaswa kukaa nje au penye upepo unaopita. Mkaa mbadala nao uko chini ya sheria hiyo hiyo, uwe wa vumbi la mkaa, wa pumba au wa makaa ya mawe: una kaboni, na kaboni haijali imefinyangwa na nani.

Sasa turudi kwenye bei, kwa sababu hapa watetezi wa mkaa wana hoja ya kweli. Mkaa mkavu una takribani megajuli 29 kwa kilo na gesi ya mtungi ina 46 (megajuli moja ni kilojuli 1,000). Namba hizi hazitoshi hadi uzidishe kwa sehemu ya joto inayoingia sufuriani. Jiko la bati tupu linaingiza kama asilimia 20, lililobaki linapotea kwenye kuta zake na hewani. Jiko lenye kikombe cha udongo ndani, la aina iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na baadaye Tanzania, linafika asilimia 30. Jiko la gesi lenye nozeli safi, yaani kile kitundu kinachopitisha gesi, linaingiza kama 55. Kwa hiyo kilo ya mkaa inatoa karibu megajuli 6 zenye faida kwenye bati na 9 kwenye udongo, na kilo ya gesi inatoa 25. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, ikitumika kwenye chombo kilichofungwa vizuri, kama 3 zinaingia kwenye chakula.

Basi kanuni ya mtaani ni nyepesi: gawa bei ya kilo ya mkaa kwa 6 au kwa 9 kulingana na jiko lako, bei ya kilo ya gesi kwa 25, na bei ya uniti kwa 3. Kwa mfano, tuseme mkaa ni shilingi 1,000 kwa kilo na mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa shilingi 24,000. Megajuli moja ya faida inagharimu shilingi 167 kwenye jiko la bati, 160 kwenye gesi, na 111 kwenye jiko la udongo. Kwa umeme wa shilingi 356 kwa uniti ni 119. Weka bei za mtaani kwako na matokeo yatasogea, lakini utaona jambo moja halisogei: kwa mkaa ule ule, jiko la bati linagharimu mara moja na nusu ya jiko la udongo, na kwa bei za mfano huu pengo hilo ni kubwa kuliko pengo kati ya mkaa kwenye bati na gesi. Anayesema "mkaa ni nafuu" na anayesema "gesi ni nafuu" wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa jiko lake.

Kuna jambo ambalo kanuni hiyo hailioni, nalo ndilo hoja nzito ya upande wa mkaa. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mama lishe mwenye shilingi 2,000 asubuhi anapata mkaa wa siku nzima. Kwa shilingi hizo hizo hapati gesi, kwa sababu mtungi unajazwa wote au haujazwi. Ruzuku ya nusu bei ya mtungi inaondoa kizingiti cha kwanza, kisha kinabaki cha pili ambacho hurudi kila mtungi unapoisha. Wanaolibeza jambo hili kama tatizo la elimu wanakosea. Ni tatizo la ukubwa wa malipo, na dawa yake ni kuuza gesi kwa kipimo kidogo kupitia mita zinazolipiwa kwa simu, au kutumia umeme wa LUKU ambao tayari unanunuliwa kwa shilingi elfu moja moja.

Maharage nayo yana kemia yake. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena hata uongeze moto kiasi gani. Dar es Salaam ni nyuzi 100. Dodoma, mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni karibu 96. Mbeya ni karibu 94. Moto wa ziada unafanya kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali. Kupasha lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji megajuli 0.63. Kugeuza lita moja kuwa mvuke kunahitaji 2.26, zaidi ya mara tatu. Anayeyaacha maharage yatokote kwa fujo bila mfuniko, kisha anaongeza maji ya baridi kila mara, anatumia sehemu kubwa ya gesi yake kuongeza mvuke jikoni. Kwenye mkaa kosa hilo halionekani kwa sababu makaa hupungua nguvu yenyewe baada ya saa moja na kubaki yakichemsha taratibu. Moto wa gesi unabaki pale pale ulipouacha. Huo ndio msingi wa madai kwamba maharage humaliza mtungi kabla ya wakati. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, funika, na maji yakichemka punguza moto hadi uone mapovu machache tu, na matumizi yatashuka kwa kiasi utakachokiona kwenye mtungi.

Sufuria ya presha inakwenda mbali zaidi. Ikizuia mvuke, maji yanafika nyuzi 115 hadi 120, na kwa kuwa mwendo wa mimenyuko mingi huongezeka takribani mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10, maharage ya saa mbili na nusu yanaiva ndani ya saa moja au pungufu. Faida hiyo ni kubwa zaidi Mbeya na Njombe kuliko pwani, kwa sababu huko maji ya sufuria ya kawaida hayafiki hata 95. Mpira wa mfuniko ukikauka au ukipasuka, presha haipandi na faida yote inapotea, kwa hiyo duka linalouza sufuria hizi bila kuuza mipira yake limeuza nusu ya kifaa.

Wanaohamia gesi wanahitaji kuambiwa pia mambo ambayo kampeni hazisemi. Moto wa njano unaopaka sufuria masizi maana yake hewa haitoshi: propani inahitaji ujazo wa hewa mara 24 ya ujazo wake, butani mara 31, na vumbi kidogo au mafuta yaliyomwagikia kwenye matundu ya hewa yanaharibu uwiano huo. Kinachotakiwa ni kuzima, kuacha jiko lipoe, kusafisha matundu kwa brashi na kuzibua nozeli kwa kifaa chembamba kisichopanua tundu lake. Nozeli iliyopanuliwa kwa msumari itapitisha daima gesi nyingi kuliko ile ambayo hewa iliyopo inaweza kuiunguza. Methani inahitaji hewa chini ya mara 10 ya ujazo wake, hivyo nyumba zilizounganishwa gesi asilia ya bomba haziwezi kutumia jiko la mtungi bila kubadilisha nozeli. Kisha kuna mtungi unaopoa. Gesi iliyo ndani ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inanyonya joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukisukumwa kupikia kitu kikubwa kwa muda mrefu unapata baridi, unatoa jasho la maji, na moto unadhoofika ingawa gesi ipo. Watu wanaulaza au kuutikisa. Kuulaza ni hatari kubwa, kwa sababu kimiminika kikipita kwenye regulata kinapanuka zaidi ya mara 200 kinapogeuka gesi, na mwali unaotoka hauzuiliki kwa mkono. Upumzishe, au tumia mtungi mkubwa kwa kazi kubwa.

Hoja ya misitu inastahili uzito kuliko inavyopewa, ingawa mara nyingi inaelezwa vibaya. Hasara kubwa ya mkaa haitokei jikoni bali kwenye tanuru la udongo porini. Kilo moja ya mkaa hutokana na kama kilo 6 za kuni kavu. Kilo hizo 6 zina karibu megajuli 96, mkaa uliopatikana una 29. Asilimia 70 imepotea, sehemu kama joto la tanuru lenyewe na sehemu kwenye moshi wake kama methani, kaboni monoksaidi na lami ambavyo havikuungua. Ukiweka mkaa huo kwenye jiko la bati, megajuli 6 tu kati ya 96 za mti ndizo zinaingia kwenye ugali wa Dar es Salaam. Jiko banifu la kuni lililo na bomba la moshi, likilishwa kuni zilizokaushwa, linatumia mti mmoja kwa faida mara nne au tano zaidi. Neno muhimu hapo ni zilizokaushwa: nusu ya uzito wa kuni mbichi ni maji, na kilo yake moja inatoa megajuli 8 tu badala ya 15 au 16, tena mvuke wake unaupoza moto hadi moshi unashindwa kuungua. Kwa upande mwingine, gesi ya mtungi inaagizwa kwa dola na ni mafuta ya visukuku. Hiyo si sababu ya kubaki na tanuru la udongo, ila ni sababu ya kutoifanya gesi kuwa mwisho wa safari.

Umeme ungeweza kuwa mwisho huo. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na maharage ya familia kwenye sufuria ya presha ya umeme yanahitaji chini ya uniti moja. Pingamizi la maana ni la saa ya jioni: kaya milioni moja zikiwasha vyombo vya kilowati moja kwa pamoja, ni megawati 1,000 zinazoombwa kati ya saa 12 na saa 2 usiku, kupitia transfoma za mitaani ambazo zilikadiriwa kwa taa na televisheni. Pingamizi hili linajibika, kwa kuwa sufuria ya presha hukata umeme yenyewe ikifikia presha na huweza kupika mchana na kuhifadhi joto, lakini linahitaji bajeti ya transfoma, si mabango.

Kwa hiyo vipimo vya mkakati vibadilike. Badala ya idadi ya mitungi iliyogawiwa, ichapishwe idadi ya mitungi iliyojazwa tena angalau mara sita kwa mwaka. Ruzuku ielekezwe kwenye sufuria ya presha na jiko kwa pamoja, kwa sababu chombo hicho kinapunguza gharama ya kila nishati, hata ya mkaa kwa kaya ambayo bado haijahama. Taasisi zilizoagizwa kuacha kuni, zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku, ndizo zenye la kupata zaidi. Kupasha sufuria ya lita 100 kunahitaji megajuli 31. Ikitokota bila mfuniko na kupoteza lita 20 za maji, zinaongezeka 45, na mpishi anatumia kilo 3 za gesi. Yenye mfuniko mzito inayopoteza lita 5 tu inatumia kilo 1.7. Shule inayopika hivyo mara mbili kwa siku, siku 200 kwa mwaka, inaokoa zaidi ya kilo 500 za gesi kutokana na mfuniko peke yake. Mkataba wa kufunga mfumo wa gesi shuleni unapaswa kutaja unene wa mfuniko huo, ukubwa wa nozeli, njia ya hewa ya jikoni, na nani atakuja kusafisha vichomeo kila muhula.